Mtoto Ameumia Shingo: Kuutafuta Mshipa wa Damu Uliochanika Kabla ya Kiharusi

Mtoto wa miaka 4 aliletwa kwetu jioni baada ya kuanguka akikimbia na penseli mdomoni. Kwenye kaakaa laini, upande wa kulia, palikuwa na tundu dogo lililokwisha kukauka damu. "Ameshakunywa uji, daktari," mama yake akasema, nami nikakaribia kuwaruhusu. Bahati nilimlaza. Asubuhi kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto. Penseli iliugonga mshipa wa karotidi, ule mkubwa unaopeleka damu ubongoni, nyuma ya koo, utando wa ndani ukachanika, damu ikaganda pale, kisha kipande cha bonge kikapanda ubongoni.

Wenzangu wa mapokezi na wodi za watoto, kati ya jeraha na kiharusi mara nyingi hupita saa kadhaa, wakati mwingine siku kadhaa. Muda huo ndio tunaoweza kuutumia.

Hatua ya 1: Okoa uhai, kisha uliza. Anza na njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, huku shingo imetulizwa. Halafu uliza aliumiaje: bodaboda, mkanda wa gari uliomkaba, kamba shingoni, kijiti au mswaki mdomoni? Uliza pia kama amekandwa au kunyooshwa shingo nyumbani. Kama bado, waombe wasithubutu.

Hatua ya 2: Kagua shingo na macho. Tafuta michubuko ya mkanda, uvimbe unaokua, mvumo wa damu ukiweka stetoskopu. Kisha vuta pazia, zima taa, subiri kidogo, utazame mboni zote mbili. Mboni moja ikibaki ndogo gizani na kope la upande huo limelegea kidogo, neva zinazopanda pamoja na karotidi zimeguswa. Kwenye mwanga mkali tofauti hiyo hujificha, ndiyo maana nasisitiza giza. Mpe pia kitu ashike kwa kila mkono, na mtazame akitembea kama hali yake inaruhusu.

Hatua ya 3: Amua nani apigwe picha. Mionzi kwa mtoto si jambo la kuchezea, kwa hiyo tunatumia alama za Utah, zinazokadiria hatari ya mtoto kuwa na mshipa wa shingo uliojeruhiwa. Kipimo cha Glasgow, kinachopima kiwango cha fahamu, cha 8 au chini ni alama 1. Dalili ya neva ya sehemu moja ya mwili, kama udhaifu wa upande mmoja, 2. Kuvunjika kwa tundu la mfupa unamopita mshipa wa karotidi 2. Kuvunjika kwa mfupa mgumu unaobeba sikio la ndani 3. Kiharusi kuonekana kwenye CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) 3. Jumla ikifika 3, piga CT ya mishipa ya shingo na kichwa kwa dawa ya kung'arisha. Mimi huongeza waliovunjika pingili za juu za shingo na wenye jeraha la kaakaa pembeni, hata kama alama hazikufika. Ultrasaundi isiyo na kasoro isikutulize, kwani haioni vizuri mshipa unapoingia kwenye fuvu. Kama huna CT, andika rufaa mapema, kabla mkono haujalegea.

Hatua ya 4: Tibu. Hakikisha kwanza ubongo hauvuji damu, na uamue pamoja na daktari wa upasuaji wa ubongo. Aspirini ni miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anatoshwa na kidonge kimoja cha miligramu 75. Wengine huhitaji heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa dripu, bila dozi kubwa ya kuanzia. Shinikizo la damu lisishuke. Mshipa uliokatika kabisa na kumwaga damu ni wa chumba cha upasuaji papo hapo.

Hatua ya 5: Rudia picha baada ya siku 7 hadi 10, kisha karibu na mwezi wa 3, kabla ya kuamua kusimamisha dawa. Mzazi aelezwe kwa maneno mepesi: mtoto akipata tetekuwanga au homa ya mafua, arudi kwetu kabla ya kumpa kidonge kinachofuata, kwa sababu aspirini wakati huo inaweza kumharibu ini na ubongo.