Udongo Ukiwa Tope, Jembe Likae Ghalani

Kila majira ya baridi yenye mvua nakuta mambo yale yale. Mvua inakatika asubuhi, jua linachungulia, na kufika saa nane mchana trekta liko shambani. Miche ya kabichi inarefuka kitaluni, mkulima anaogopa kuchelewa, basi analima. Juu pamekauka, kweli. Sentimita 10 chini ni tope tupu.

Kusafisha shamba na kuweka samadi iliyooza mnakujua, sitawachosha. Hili la kulima tope ndilo linalowatia hasara, na hasara yenyewe haiishi msimu huo.

Udongo mbichi ukikandamizwa, vitundu vinavyopitisha hewa na maji huziba. Chini ya jembe la trekta udongo unasilibwa kama ukuta uliopigwa lipu, na hapo hujengeka tabaka gumu. Mvua inayofuata inatuama juu yake. Mizizi inakosa hewa, kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche, kinakata miche, nitrojeni inapotea, karoti zinaota miguu miwili mitatu. Yale mabonge yaliyopinduliwa mabichi nayo hukauka kama matofali. Wengine huyapitia kwa haro, chombo cha kuvunjavunja mabonge, mara nne, wakaishia na vumbi lililochanganyika na kokoto za udongo.

Kipimo ni hiki, na tafadhali kifanyeni kama kilivyo. Chimba hadi sentimita 15. Ukikusudia kulima 20, chimba 20. Msikwangue juu kisha mkasema mmepima! Chota gao moja la udongo, lifinye liwe bonge, uliachie kutoka kimo cha mita 1 lianguke penye ardhi ngumu. Likisambaratika, lima. Likibaki bonge au likibonyea kama chapati, rudi nyumbani. Penye udongo wa mfinyanzi ongeza jaribio la pili: viringisha udongo viganjani. Ukitoa kamba nyembamba ya milimita 3 isiyokatika, bado ni mbichi. Rudia sehemu tano, bondeni pakiwemo. Anayepima kwenye mwinuko peke yake anatafuta ruhusa, si jibu.

Udongo wa kichanga huweza kuwa tayari siku 1 au 2 baada ya mvua kubwa. Mfinyanzi huchukua wiki, pengine zaidi, kwa sababu wakati wa baridi maji hayapai upesi. Lakini msihesabu siku. Bonge ndilo linaloamua.

Anayetaka kuepuka haya yote atengeneze matuta kabla mvua hazijaanza, udongo ukiwa na unyevu wa kiasi. Tuta liwe na kimo cha sentimita 20 hadi 30, kwa kuwa litashuka, na upana usiozidi mita 1.2. Njia kati ya matuta iwe sentimita 40. Huo upana sikuutoa hewani: mkono ufike katikati kutoka kila upande, mguu usipande juu. Nimeona tuta la mita 2 limekanyagwa likawa gumu kuliko njia yake. Mitaro iwe chini kuliko njia, na ishuke sentimita 50 kwa kila mita 100. Ikishuka zaidi ya mita 1 maji yataanza kukomba udongo. Kisha funika matuta kwa matandazo mpaka siku ya kupanda. Mbolea ya nitrojeni igawanywe, kwani ukiimwaga yote sasa mvua itaiosha.

Na aliyechelewa? Asilime. Azibue mitaro kwa koleo, kisha achomeke miche shimo moja moja bila kupindua ardhi, akisimama juu ya ubao mpana ili uzito usambae. Ikibidi kungoja, angoje: miche iliyokaa kitaluni wiki moja zaidi haina madhara ya kulinganisha na shamba lililokandwa.

Udongo ulio tayari kulimwa humeguka na haunati kwenye koleo.

Mwenye shamba ambalo tabaka limekwisha kujengeka asikimbilie kulivunja msimu huu wa mvua. Asubiri pakauke hadi chini ya tabaka lenyewe, apime tena kwa bonge, ndipo apitishe jembe lenye meno marefu ya kupasua ardhi, sentimita 5 chini yake. Tabaka kavu hupasuka pande zote. Bichi hutobolewa tu na kujifunga tena.