Mafunzo ya siku tatu kisiwani: kuanzia dokezo hadi marejesho ya masurufu

Mimi ni msaidizi wa utawala. Miaka kumi na moja sasa nipo kwenye miradi ya afya ya mashirika ya kimataifa Kanda ya Ziwa, na siku zangu nyingi zimepita kati ya masijala, benki na kivuko. Naandika kwa ajili ya kijana aliyeajiriwa juzi, akapewa meza, kompyuta na maneno mawili: "Andaa mafunzo."

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho, kuanzia dokezo (andiko la ndani la kuomba idhini ya fedha) hadi marejesho ya masurufu (hesabu ya fedha ulizotangulizwa kwa shughuli). Mradi unataka kuwafundisha wagawa dawa 36 wa Ukerewe, visiwa vya Ziwa Victoria, kabla ya zoezi la kingatiba ya kichocho, yaani kuwapa watu dawa ya kukinga ugonjwa huo. Mafunzo ni siku tatu, mjini Nansio. Washiriki 22 wanatoka vijiji vya kisiwa kikubwa na watarudi kwao kila jioni; 14 wanatoka Ukara, ng'ambo ya maji, na watalala. Dawa zipo stoo tayari, lakini hazitatoka mpaka watu hawa wafundishwe kumpima mtu urefu, kumpa idadi sahihi ya vidonge na kujaza rejista. Nao hawatafundishwa mpaka wewe uandike barua, uombe fedha, ukodi ukumbi na kuhesabu nauli.

Viwango vyote vya fedha nitakavyotaja ni vya mfano. Tumia vya ofisi yako.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla ya kugusa bajeti

Omba hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) za shughuli hiyo na ukurasa wa bajeti unaoihusu. Tafuta mambo matatu: kasma (fungu la bajeti) itakayobeba gharama, tarehe ya mwisho ya mradi, na vitu ambavyo mfadhili hakubali kulipia. Fedha za serikali ya Marekani, kwa mfano, hazinunui pombe hata chupa moja, na bili ya chakula yenye bia ndani yake itakurudia.

Usimwahidi mwenye ukumbi chochote kabla idhini haijaandikwa na kusainiwa. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na barua za kusitisha kazi zikafuata ndani ya siku chache. Wiki zile nilishuhudia thamani ya faili lenye tarehe sahihi. Swali lililoulizwa kila ofisi lilikuwa moja: deni hili lilikuwapo kabla ya amri, au limekuja baada yake? Aliyekuwa ameafikiana kwa simu hakuwa na la kuonyesha.

Hatua ya 2: Barua serikalini

Anza wiki nne kabla. Barua hufuata ngazi: TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala kwa Mganga Mkuu wa ngazi husika. Kama mradi una kibali cha jumla kutoka TAMISEMI, ambatisha nakala yake. Usimwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya peke yake kwa sababu tu mnafahamiana. Mkurugenzi ndiye mwajiri wa wawezeshaji utakaowaomba, na ruhusa inatoka kwake.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Kichwa cha habari kiseme shughuli yenyewe: "YAH: MAFUNZO YA WAGAWA DAWA ZA KINGATIBA YA KICHOCHO". Aya ya kwanza itaje mradi na kibali chake. Ya pili iseme siku, mahali na idadi ya washiriki. Ya tatu iseme unachoomba: wawezeshaji wawili, orodha ya washiriki, na mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Andika wazi nani anagharamia nini, kwa maana usipoandika, halmashauri itadhani unagharamia kila kitu na washiriki watadhani halmashauri imechukua posho zao.

Peleka nakala mbili masijala, ofisi inayopokea na kutunza barua. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Nakala hiyo yenye mhuri ndiyo karatasi ya kwanza ya faili lako.

Hatua ya 3: Orodha ya majina

Hapa nitakaa kidogo. Katika uzoefu wangu hoja nyingi za ukaguzi, na machozi mengi ya washiriki, vimezaliwa kwenye orodha, siku nyingi kabla mtu yeyote hajaingia ukumbini.

Halmashauri itakuletea orodha yenye jina, kijiji na namba ya simu. Haitoshi. Tengeneza jedwali lenye safu hizi: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kijiji, kata, namba ya simu ya kupokelea fedha, mtandao, na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo. Kisha piga simu. Mpigie kila mmoja, wote 36. Kazi hiyo inakula siku nzima na koo linakauka, lakini ifanye.

Msalimie vizuri, jitambulishe, halafu muulize: "Laini hii imesajiliwa kwa jina lako, au la mtu mwingine?" Utashangaa wangapi wanatumia laini ya mume, ya kaka au ya mtoto aliyeko Mwanza. Mwenye laini ya mtu mwingine ana njia mbili: asajili yake kabla ya mafunzo, au aandike barua fupi ya ridhaa inayotaja jina la mwenye laini, isainiwe na wote wawili na kugongwa mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kama sera ya ofisi yako haikubali njia ya pili, mwambie mapema ili apate muda wa kusajili.

Baada ya hapo msomee namba yake, tarakimu mbilimbili, yeye akisikiliza. Mwaka wangu wa pili kazini sikufanya hivyo. Mama mmoja wa kisiwani alikuwa na namba inayoishia 47, mimi nikaandika 74. Posho yake ya siku zote ikaenda kwa mtu tusiyemjua, akaitoa dakika hiyohiyo. Yule mama alikuwa amemwachia jirani mtoto mgonjwa ili aje kufundishwa. Aliondoka na nauli ya kukopa kwa wenzake, na malipo yake mapya yalichukua wiki tano kuidhinishwa. Tulipozungumza hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuna kitu alikosea kwenye kujaza fomu. Sijawahi kuisahau sauti yake, na tangu siku hiyo sijapeleka orodha kwa mhasibu bila kumsomea kila mtu namba yake.

Jambo jingine ni usiri. Orodha yenye majina, namba za simu na namba za NIDA ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la washiriki. Itume kwa barua pepe ya kazi, kwenye faili lenye nywila, kwa wanaoihitaji tu.

Hatua ya 4: Hesabu na ombi la masurufu

Hesabu kwa kufuata mwili wa mtu: anaamka wapi, anavuka saa ngapi, analala wapi. Tuseme nauli ya wale 22 ni shilingi 10,000 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku tatu hiyo ni 660,000. Posho ya kujikimu ya wanaolala tuseme ni 60,000 kwa usiku. Mafunzo ni siku tatu, kwa hiyo mkono unataka kuandika usiku tatu. Usubiri kwanza.

Mtu wa Ukara lazima afike Nansio siku moja kabla. Siku ya tatu mafunzo yanaisha saa kumi jioni, na kutoka hapo ana safari ya gari hadi Bugolora kabla hajaona maji. Kivuko cha MV Nyerere kilizama Septemba 20, 2018, katika maji hayohayo kati ya Bugolora na Ukara, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Sitamwandalia mtu ratiba inayomlazimu kukimbilia chombo cha mwisho jioni, kilivyojaa. Analala Nansio usiku wa nne na kuvuka asubuhi. Kwa hiyo ni watu 14, usiku 4, shilingi 60,000, jumla 3,360,000. Ukisahau usiku ule wa nne umepungukiwa 840,000, na fedha hiyo hutaipata ukiwa kisiwani siku ya Ijumaa.

Ongeza gharama ya kutolea fedha kwa wakala, ili mtu aliyeahidiwa 240,000 aikamate 240,000 mkononi.

Kisha andika dokezo. Litaje shughuli, tarehe, kasma, jedwali la hesabu, na jina la mtu mmoja anayechukua masurufu. Hakikisha mtu huyo hadaiwi marejesho ya safari iliyopita, maana mhasibu hatampa mapya na dokezo litalala mezani bila wewe kuambiwa.

Hatua ya 5: Ukumbi, chai, shajala

Omba profoma tatu (ankara za bei kabla ya kununua), zote kwa mahitaji yaleyale: ukumbi wa watu 40, chai ya saa nne, chakula cha mchana, maji. Kabla ya kuuliza bei, uliza kama wana TIN (namba ya mlipakodi) na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inayofanya kazi. Muulize mhasibu kuhusu kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo yenyewe, kabla hujamtajia mwenye ukumbi kiasi atakachopokea. Akikatwa bila kujua, ataona umemdhulumu.

Shajala (karatasi, kalamu na vifaa vingine vya kuandikia) na vipimo vya urefu nunua au chukua Mwanza kabla ya safari. Gari likipita Bunda na kuvuka Kisorya kwenda Rugezi, mpe dereva nusu siku ya ziada kwenye ratiba. Foleni ya kivuko haijui saa ya ufunguzi wa mafunzo yako.

Hatua ya 6: Karatasi ya mahudhurio

Kila siku karatasi yake, yenye jina la shughuli, mahali na tarehe vilivyochapwa juu, na majina yameshachapwa kwa mpangilio wa orodha yako. Mshiriki asaini asubuhi na asaini tena baada ya chakula. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Saa tano asubuhi chukua rula, piga mstari kwenye kisanduku cha kila ambaye hajafika, uweke saini yako pembeni. Kisanduku kitupu kikibaki wazi, mtu mwingine anaweza kukijaza.

Kuna siku utaombwa kumruhusu mtu asaini siku zote tatu kwa pamoja kwa sababu ana msiba au ana shamba. Mpe pole, mruhusu aende, na saini zake ziishie siku aliyokuwapo.

Hatua ya 7: Malipo

Aandaye orodha ya malipo asiwe yeye anayeidhinisha. Linganisha orodha ya malipo na mahudhurio ya siku zote, mstari kwa mstari, wewe na mwenzako, mmoja akisoma na mwingine akiweka tiki. Nauli ya kila siku ilipwe siku hiyohiyo. Posho ya wanaolala, toa sehemu jioni ile wanayofika wapate kulipia chumba, na salio uliachilie siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Hapo kila mtu yupo mbele yako, anatazama simu yake. Isipoingia, unajua saa hiyohiyo, na dawati la mtandao husika bado liko wazi. Ukilipa saa kumi na moja jioni, watu wako njiani na wewe unabaki na simu 36 za maswali.

Kwa boti ya kukodi hutapata risiti ya EFD. Jaza fomu ya malipo yasiyo na risiti: jina la nahodha, simu yake, jina la chombo, kutoka wapi hadi wapi, idadi ya abiria, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini. Piga picha ya chombo. Kama hakina maboya ya kutosha abiria wote, usikikodi.

Hatua ya 8: Marejesho

Risiti ya EFD hufifia, hasa ikikaa kwenye dashibodi ya gari. Itolee nakala siku uliyoipokea na uzibane pamoja. Papo hapo kaunta, angalia jina la shirika, TIN yenu, tarehe na kiasi. Ina namba ya uhakiki unayoweza kuikagua kwenye tovuti ya TRA. Ikiwa na kosa, irudishe kabla hujatoka mlangoni.

Panga hivi: dokezo lililoidhinishwa, jedwali la masurufu likionyesha kilichoombwa na kilichotumika, mahudhurio, orodha ya malipo pamoja na taarifa ya kampuni ya simu, risiti kwa mfuatano wa tarehe, fomu za boti, hati ya benki ya salio ulilorudisha, na ripoti ya kurasa mbili. Palipo na tofauti kati ya bajeti na matumizi, iandikie sentensi moja ya sababu. "Washiriki wawili hawakufika, salio limerudishwa benki" inatosha. Mimi huanza kupanga nikiwa kwenye meli ya kurudi, kwa kuwa kumbukumbu bado ni mbichi, na huwasilisha ndani ya siku tano hata kama sera inaruhusu zaidi.

Ripoti hiyo itolee nakala mbili zaidi. Zipeleke masijala ileile ya halmashauri uliyoanzia: moja ibaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo yenye mhuri iwe karatasi ya mwisho ya faili.