Mboga za kipupwe nyuma ya nyumba: ratiba yangu ya Tabora, kuanzia kitalu hadi sufuria

Kila mwezi wa saba majirani hapa Ipuli huniuliza swali lile lile: mbona kabichi zako zimeshaanza kufunga na zetu bado ni miche? Wanadhani nina mbolea ya siri. Sina. Tofauti yetu ni tarehe ya kusia mbegu. Wengi huanza kufikiria bustani siku wanapotoa sweta kabatini, na hapo wameshachelewa.

Kipupwe chetu ni kifupi. Mvua zinakatika mwezi wa nne, ubaridi unaingia mwishoni mwa Mei, Juni na Julai usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 15. Agosti ni upepo na vumbi. Septemba jua linarudi kwa nguvu, na Oktoba mchana unafika nyuzi 32 na kuzidi. Mtu wa Lushoto au Njombe anaweza kupanda kabichi karibu mwezi wowote autakao. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, tumepewa miezi mitatu tu.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Kabichi inataka siku 80 hadi 100 baada ya kuhamishiwa bustanini. Ukitaka kichwa kiwe kigumu kabla jua la Septemba halijakomaa, mche uwe umeshahamishwa ifikapo siku za mwanzo za Juni. Mche huo hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Basi mbegu inaingia udongoni wiki ya mwisho ya Aprili au ya kwanza ya Mei, wakati miguu bado inashika tope la mvua za mwisho. Mwaka mmoja nilihamisha miche katikati ya Julai kwa sababu ya safari. Nilivuna majani makubwa, mazuri kwa macho, lakini vichwa vilikuwa laini, ukivibonyeza vinaingia ndani kama mto wa sufi. Tangu hapo nasia kwa tarehe, baridi iwe imekuja au haijaja.

Hatua ya kwanza: jaribu mbegu kabla ya kuiamini

Niliwahi kununua kopo la mbegu za kabichi lililokuwa limeanikwa juani juu ya meza ya duka kwa muda nisioujua. Haikuota hata moja ya tano. Kama huna hakika na mbegu yako, hesabu punje 20, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, weka kwenye bakuli mahali pa kivuli. Mbegu za kabichi, sukuma wiki na chainizi zitatoa vijizizi ndani ya siku tano. Zikiota 15 au zaidi, endelea. Zikiota nane, usipoteze msimu wako, nunua nyingine.

Kwa kabichi nimezoea Gloria F1, inavumilia joto letu la mchana. Kwa karoti natumia Nantes. Chainizi na sukuma wiki hazina madeko, mbegu yoyote iliyo hai itakulipa.

Hatua ya pili: kitalu

Tuta dogo la mita moja kwa mita moja linatosha miche ya familia nzima, na ya jirani pia. Lainisha udongo, changanya na samadi iliyooza kabisa, chora mistari ya kina cha nusu sentimita, na mstari hadi mstari sentimita 10 hadi 15. Tandika nyasi kavu, mwagilia kwa kopo lenye matundu. Siku ya nne au ya tano vijimea vikianza kuchungulia, ondoa nyasi siku hiyo hiyo jioni. Ukichelewa vinarefuka na kupauka vikitafuta mwanga, na mche mrefu mweupe hautakaa unenepe tena. Baada ya hapo jenga kichanja kifupi cha kivuli, urefu wa goti upande mmoja na wa paja upande wa pili.

Wiki ya mwisho kitaluni punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, uizoeshe jua. Watu hawaipendi hatua hii kwa sababu miche inaonekana kama inateseka. Iache, inakomaa.

Zungushia kitalu majivu makavu. Sisimizi wa huku ni wezi wa mbegu ndogo, na za saladi wanazipenda sana.

Hatua ya tatu: tuta la kuzama

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame, na mtu akizoea hivyo anainua matuta hata wakati wa kiangazi. Udongo wa mitaa yetu mingi ya juu ni kichanga. Tuta la kichanga lililoinuliwa, upepo wa Julai unalikausha kabla ya adhuhuri. Mimi nafanya kinyume: nachimba tuta liwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hadi 15, na udongo niliotoa naujaza pembeni kama kingo za jaruba la mpunga. Upana mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu mita tano. Maji yote unayomwaga yanabaki humo humo. Ila kama kiwanja chako kiko mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka nyufa, usizamishe sana, maji yatalala na mizizi itaoza.

Samadi: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, ichanganyike vizuri na udongo wa juu. Ili kujua kama imeiva, tumbukiza mkono katikati ya lundo. Ukihisi joto, bado. Ukinusa mkojo wa ng'ombe, bado. Samadi iliyoiva ni nyeusi, ya baridi, inanuka kama udongo wa chini ya mti baada ya mvua.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo lazima nilisisitize. Tumbaku imelimwa sana mkoa huu, na minyoo fundo, adui mkubwa wa tumbaku, anapenda pia nyanya, bamia na karoti, hasa kwenye kichanga. Kabla ya kuchagua sehemu ya karoti, ng'oa shina la zamani la bamia au nyanya lililobaki hapo na uoshe mizizi. Ukiona vinundu vilivyovimba ndani ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, hapo usipande karoti. Zitatoka zimejikunja na kuota manundu. Usivichanganye na vile vinundu vidogo vya mizizi ya maharage na karanga, vinavyobanduka kwa ukucha. Hivyo ni vizuri, vinarutubisha ardhi.

Hatua ya nne: kuhamisha miche

Fanya jioni, jua likishaanza kulala. Mwagilia kitalu saa moja kabla, ili miche itoke na tope lake. Mche mzuri una majani manne hadi sita na unene wa penseli. Chimba shimo la kiganja, tia konzi ya samadi, uchanganye na udongo, uzamishe mche hadi karibu na majani ya kwanza, kisha bana udongo kwa vidole viwili. Shika jani moja uvute kidogo. Likichanika na mche ukabaki, umeubana sawasawa. Mche ukitoka, rudia.

Kabichi: sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mstari na mstari. Sukuma wiki vivyo hivyo. Chainizi 30 kwa 30.

Tandaza matandazo mara moja. Mimi nachukua pumba za mpunga mashineni au nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, mbali kidogo na shina. Mchwa watakuja kula nyasi, na mradi wana nyasi za kula huwa hawaisumbui sana miche.

Asubuhi tatu za mwanzo uamke mapema ukague. Ukikuta mche umelala chini, umekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, usilaumu kuku. Fukua taratibu kuzunguka shina, kina cha kidole kimoja tu. Utamkuta amejikunja kama herufi C, mnene, rangi ya udongo, anang'aa: huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Muue hapo hapo, maana kesho angehamia mche wa pili. Panda mche wa akiba. Ndiyo maana kitaluni huwa naacha miche 20 ya ziada.

Hatua ya tano: karoti hazihamishwi

Karoti unazisia pale pale zitakapokulia, katikati ya Mei. Samadi mbichi zinaichukia, mizizi inagawanyika kama miguu ya suruali. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa kikombe cha mchanga, umimine kwenye mistari ya kina cha sentimita moja, nafasi ya sentimita 20. Funika tuta kwa gunia lililoloweshwa. Zinachukua siku 10 hadi 14 kuota, wakati mwingine hata wiki tatu, na siku zote hizo udongo usikauke juu. Zikiota, gunia linaondoka. Zikiwa na majani matatu, punguza miche ibaki kila sentimita 5. Inauma kung'oa mimea iliyo hai, najua, lakini usipong'oa utavuna vijiti.

Hatua ya sita: maji, mbolea na wadudu

Tuta la mita tano linakunywa kama lita 25 kwa siku, yaani ndoo moja na robo. Mimea ikishashika mizizi, baada ya wiki mbili, ni bora kumwaga ndoo mbili na nusu kila baada ya siku moja, maji yashuke chini na mizizi iyafuate. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yaende bustanini.

Wiki ya tatu baada ya kuhamisha, kila kabichi naipa mbolea ya CAN, ile ya dukani yenye naitrojeni, kipimo cha kifuniko kimoja cha chupa ya soda, kwenye mfereji mdogo sentimita 10 kutoka shina, kisha nafukia na kumwagilia.

Geuza majani mara mbili kwa wiki. Vidukari hukaa wamebanana katikati ya mche, rangi ya kijivu kama wamepakwa unga. Sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, dawa iwapate wadudu wenyewe. Ukiona vitundu vyenye ngozi nyembamba kama dirisha, na kiwavi kidogo cha kijani kinachojirusha na kuning'inia kwa uzi ukikigusa, huyo ni kiwavi wa nondo mgongo wa almasi. Twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano usiku mzima, chuja, nyunyiza kila wiki. Jaribu kwanza kwenye jani moja.

Kuvuna

Chainizi ni wiki ya tano au ya sita. Tia karanga zetu za kutwanga, usikaushe sana mchuzi. Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha matano juu. Kabichi ibonyeze kwa kiganja: ikikataa kuingia, kata, na usiiachie siku nyingi halafu ukaimwagilia maji mengi kwa mpigo, itapasuka. Acha kisiki na majani yake ya chini, kitatoa vichwa vidogo vidogo vya kutosha sufuria moja au mbili.

Katikati ya Septemba ng'oa kilichobaki. Mwakani usirudishe kabichi, sukuma wiki wala chainizi kwenye tuta hilo hilo. Weka vitunguu au maharage. Kwa Oktoba mimi napanda mchicha na bamia hapo, nafunika nyasi nene, na mvua za Novemba zikinyesha nabomoa zile kingo ili maji yapate pa kutokea.