Namna ya Kuonja Mvinyo Mweupe wa Italia Uliochachushwa na Maganda Yake

Mvinyo mweupe wa kawaida hukamuliwa na kutengwa na maganda ya zabibu mapema, ilhali huu huachwa uchachuke pamoja nayo kwa siku, wiki au hata miezi, na humo ndimo unamopata rangi ya kaharabu na ukakasi tuliouzoea katika mvinyo mwekundu. Kitovu chake nchini Italia ni Oslavia, karibu na Gorizia, mpakani na Slovenia, ambako watengeneza mvinyo Stanko Radikon na Josko Gravner waliufufua mtindo huo wa wazee katika miaka ya 1990 kwa zabibu ya Ribolla Gialla.

Jambo la kwanza ni joto lake, na hapa Dar es Salaam ndipo wengi tunapouonea mvinyo huu, kwa sababu jua letu hutushawishi kuunywa ukiwa baridi kabisa. Baridi ya friji huficha harufu na kuukaza ukakasi hadi ukawa mchungu. Itoe chupa takriban nusu saa kabla ya kumimina, ili ifikie nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, kisha mimina kidogo kidogo, maana kwenye glasi hupata joto upesi. Mvinyo wa aina hii mara nyingi hauchujwi. Isimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, na usishtuke ukiona mvinyo haujang'aa.

Tumia glasi pana, uizungushe, unuse bila haraka: utakutana na ganda la chungwa, aprikoti kavu, asali, pengine majani makavu. Harufu ikiwa ni ya siki tupu, chupa hiyo ina kasoro. Kisha piga funda dogo, ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza, na usikilize ufizi: ukakasi mzuri hukamata kama chai ya rangi iliyokolea, halafu huachia.

Usitoe hukumu kabla ya kula. Ukakasi huu unahitaji mafuta na protini, na kwa maoni yangu hakuna kinachoufaa kuliko samaki wa kupaka mwenye tui zito, ingawa pweza wa kuchoma na pilau navyo vinaelewana nao vizuri. Pilipili kali iweke kando, kwani huufanya uchungu na kileo vijitokeze zaidi. Kinachobaki kizibe, ukirudishe kwenye friji, na uonje tena kesho yake; mara nyingi harufu huwa imefunguka zaidi.