Kindi Darini: Namna ya Kumtoa Bila Kumuua

Kelele za darini zina saa zake. Kindi, wengine humwita kuchakuro, hutembea mchana: utamsikia akikwaruza kukikucha, kisha tena alasiri. Vishindo vya usiku mara nyingi ni vya panya, ingawa kwenye mitaa yenye miti mingi kama Karen, Nairobi, huenda akawa kanu, mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa. Popo hulia kwa sauti nyembamba jua linapotua, na kinyesi chake ukikiponda kwa kijiti huwa unga unaometa mabaki ya wadudu. Maelezo haya ni ya kindi.

Sumu usiiguse. Kindi aliyeila hufia mahali mkono haufiki, nyumba ikanuka kwa majuma, na paka au bundi atakayemla hudhurika pia.

Anza kwa kutafuta tundu. Kwenye paa la mabati, kagua pale migongo ya bati inapokutana na ubao wa ukingo. Kwenye vigae, angalia kileleni na penye kigae kilichopasuka. Sokomeza gazeti lililokunjwakunjwa. Likisukumwa ndani ya siku mbili, hapo ndipo mlango.

Sasa subiri. Kosa kubwa ni kuziba siku hiyo hiyo. Kukiwa na watoto, mama aliyefungiwa nje atatafuna mbao na bati mpaka aingie, na asipofaulu watoto watakufa njaa humo ndani. Tega sikio asubuhi mama akishatoka. Ukisikia vilio vidogo, acha tundu wazi hadi uwaone watoto wakitoka wenyewe. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Wakibaki kindi wakubwa tu humo, ziba matundu mengine yote, kisha kwenye lile kuu funga bomba la plastiki la inchi 3, urefu wa sentimita 45 hivi, likiinamia chini na ncha yake ikining'inia hewani, mbali na ukuta na matawi. Kindi huteleza akatoka, ila kurudi kwenye plastiki laini humshinda. Liache siku 5. Kukiwa kimya kabisa, litoe uzibe.

Povu la kujaza nyufa na wavu wa kuku havifai: meno ya mbele ya kindi hukua maisha yote, naye hutafuna daima. Tumia wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, uupitishe kingo za tundu kwa sentimita 5 kila upande, na ukaze skrubu zenye washa (pete bapa za chuma) kila sentimita 15. Kabla ya kufunga, zima swichi kuu na fundi wa umeme akague nyaya darini. Waya uliotafunwa huweza kuunguza nyumba.

Kata matawi yabaki mita 2 kutoka paani. Usiache nje chakula cha mbwa wala ndizi. Karibu na msitu wa Karura, Nairobi, utawaita kima pia.

Kumnasa ukamwachilie msituni usijaribu: wanyamapori wanalindwa na sheria ya Kenya ya 2013, hivyo aliyekwama mwachie KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mnyama yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.