Mbolea Inayopotelea Hewani: Mzozo wa Kanada na Mkulima wa Ekari Mbili

Desemba 2020 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030, gesi chafu zinazotokana na mbolea shambani zipungue kwa asilimia 30 ukilinganisha na mwaka 2020. Wakulima wa ngano na kanola (zao la mbegu za mafuta) wa majimbo ya Saskatchewan, Alberta na Manitoba walisikia neno moja tu: tunakatiwa mbolea. Serikali ikasema lengo ni la hiari, na kinachopunguzwa ni gesi, si mifuko. Hawakuridhika. Julai 2022, baada ya mawaziri wa kilimo wa nchi hiyo kukutana katika mji wa Saskatoon, majimbo ya Alberta na Saskatchewan yalitoa malalamiko yao hadharani.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2021 Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani kwa ghafla, mavuno ya mpunga na chai yakaumia, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalegeza msimamo. Mkulima yeyote aliyeona hayo angeshtuka akisikia serikali yake ikitaja mbolea na asilimia katika sentensi moja.

Sasa tuitazame gesi yenyewe, maana hapo ndipo penye pesa yako. Urea ikiingia udongoni hugeuka amonia, kisha bakteria huigeuza nitrati, ambayo mmea huila. Mvua ikituama na udongo ukakosa hewa, bakteria wengine huivuta ile nitrati badala ya oksijeni na kuachia gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Kilo moja ya gesi hii hupasha dunia joto sawa na kilo 273 hivi za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho chenyewe. Makadirio ya jumla yanayotumika kimataifa ni kwamba asilimia 1 ya naitrojeni hiyo huondoka kwa njia hii, na ukipiga hesabu, gesi ya mfuko mmoja hupasha joto sawa na karibu kilo 100 za kaboni dioksidi. Penye ukavu hupungua, penye maji mengi huzidi. Na hiyo ni gesi moja tu. Amonia inayoruka kutoka kwenye urea iliyoachwa juu ya udongo ni hasara nyingine, na mara nyingi ni kubwa zaidi mfukoni mwako.

Wakulima wa Kanada wana hoja mbili nzito. Ya kwanza: aliyeacha kulima kwa jembe la kupindua na kuanza kufukia mbolea kando ya mbegu miaka mingi iliyopita hapati sifa, kwa sababu hesabu inaanzia 2020. Hapo nawaunga mkono. Aliyechelewa ndiye mwenye nafasi rahisi ya kupunguza. Ya pili: wanataka wapimwe kwa gesi inayotoka kwa kila tani ya mavuno, si kwa jumla ya gesi ya nchi nzima. Ina mantiki kwa mtu anayelisha watu, ila anga halihesabu magunia.

Kwetu mambo yako upande wa pili. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kwamba matumizi ya mbolea yafike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na nchi nyingi hazikufika. Kwa hiyo anayekuja kijijini kuhubiri tupunguze mbolea kwa ajili ya tabianchi, mwulize kwanza anazungumzia shamba la nani. Lakini dawa ambayo pande zote mbili kule Kanada zinaikubali inatufaa hata sisi: aina sahihi ya mbolea, kiasi sahihi, wakati sahihi, mahali sahihi.

Mahali ndipo tunapokosea zaidi. Nimeona urea ikitupwa kwa mkono juu ya udongo mkavu saa sita mchana, chembe nyeupe zikimeta kama chumvi. Chimba kishimo kando ya shina, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye mmea, weka kipimo chako cha kizibo cha soda, kisha fukia. Udongo uwe na unyevu. Kama anga limebeba mvua ya kufurika, subiri, na kama maji yametuama shambani, usiguse mfuko.

Kuhusu wakati: usimalize urea yote kwa mkupuo mmoja. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili, ya kwanza mahindi yakifika magotini, ya pili yanapokaribia kutoa mbelewele. Mizizi iliyokwisha kutanda huiwahi nitrati kabla ya wale bakteria.

Kiasi hakikisiwi. Pima udongo. Ukiwa na asidi nyingi, chokaa huenda ikakuongezea mavuno kuliko mfuko wa pili wa urea. Ukipokezana mahindi na maharage au mbaazi, sehemu ya naitrojeni unaipata bure. Samadi nayo ihesabiwe, kwani ina naitrojeni na hutoa gesi ileile ikimwagwa ovyo.

Halafu nunua daftari. Tuseme umekuzia ekari moja kwa mifuko miwili ya urea, yaani kilo 46 za naitrojeni, ukavuna magunia 10 ya kilo 100. Ni kama kilo 22 za mahindi kwa kila kilo ya naitrojeni. Mwakani, kwa mifuko ileile iliyofukiwa vizuri na kugawanywa, ukivuna magunia 12, umefika kilo 26. Andika tarehe ya kuweka mbolea, hali ya mvua siku hiyo, idadi ya mifuko na magunia. Mkulima wa Kanada aliyekuwa na kumbukumbu za namna hiyo aliweza kuonyesha alichokwisha kupunguza. Asiye nazo alibaki na sauti yake tu mkutanoni.