Jinsi ya Kuyasoma Majina ya Kigiriki ya Maumbo ya Jiometri

Katika kufundisha hisabati nimeona wanafunzi wakikariri majina kama heptagoni na dodekahedroni kwa taabu kubwa, ilhali kila jina limebeba ndani yake maelezo ya umbo lenyewe. Ukivijua vipande vichache vya Kigiriki, utaweza kulisoma hata jina ambalo hujawahi kulisikia.

Hatua ya 1: Anza na mwisho wa jina. Kipande "-goni" kimetokana na gonia, yaani pembe, nacho hutaja umbo bapa. Kipande "-hedroni" kimetokana na hedra, yaani kiti au mahali pa kukalia, nacho hutaja umbo mango lenye nyuso bapa. Usiipuuze hatua hii, kwa sababu ndiyo inayokuambia ni kitu gani kinachohesabiwa: oktagoni ina pembe 8, lakini oktahedroni ina nyuso 8, ingawa vipeo vyake ni 6 tu.

Hatua ya 2: Rudi mwanzoni usome idadi. Tri ni 3, tetra 4, penta 5, heksa 6, hepta 7, okta 8, deka 10 na ikosa 20. Idadi zinazozidi kumi huunganishwa: hendeka ni moja na kumi, dodeka ni mbili na kumi, na kwa hiyo pentadekagoni ni umbo la pembe 15. Jihadhari na nonagoni, umbo la pembe 9, ambayo mwanzo wake ni wa Kilatini. Jina la Kigiriki kamili ni eneagoni.

Hatua ya 3: Kama jina halina idadi, tafuta kifaa au kitu kilichofananishwa na umbo hilo. Kubos, asili ya jina kyubu, lilikuwa dadu. Konos, asili ya jina koni, lilikuwa tunda la msonobari. Kulindros, asili ya silinda, lilikuwa gogo la kuviringisha. Na mche uliitwa prisma, yaani kitu kilichokatwa kwa msumeno. Ninalolipenda zaidi ni trapeza, lililomaanisha meza, na ambalo lenyewe limeundwa kwa maneno ya "nne" na "mguu".

Hatua ya 4: Linganisha maana ya jina na fasili yake. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika kitabu cha jiometri kiitwacho Elements mnamo mwaka 300 K.K., alitumia trigonon kwa pembetatu yoyote, na neno hilo likiunganishwa na metron, yaani kipimo, ndipo tunapata trigonometria. Hata hivyo tetragonon, ambalo kwa vipande vyake ni "pembe nne" tu, alilitengea mraba peke yake, na kila umbo la pande nne ambalo si mraba, mstatili, rombi wala msambamba aliliita trapezion, hata likiwa halina pande zozote sambamba. Leo vitabu vyetu vya shule huitaka trapeza iwe na pande mbili sambamba, kwa hiyo katika uthibitisho fuata fasili ya kitabu unachokitumia.